Injini Inayolinda Muamala: InnoDB na Toleo la Mwaka 2010

Neno muamala liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya shughuli inayowahusu watu wawili au zaidi, kama vile kuuziana, kukopeshana au kupangishana, na katika vitabu vya fiqhi bado hutumika kwa wingi wake, muamalat, ili kutenga shughuli za watu baina yao na ibada zinazomhusu mja na Mola wake. Leo neno hilo husomwa zaidi kwenye kioo cha simu, mtu anapojulishwa kwamba muamala wake umekamilika, na ni wachache wanaojiuliza kukamilika huko kuna maana gani hasa ndani ya mashine iliyotuma ujumbe. Wataalamu wa kompyuta nao wana dhana yao ya muamala, ambayo haiko mbali na ile ya wanafiqhi. Jim Gray, Mmarekani aliyetunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1998 kwa kazi zake katika uwanja huu, aliandika mwaka 1981 kwamba asili ya dhana hiyo ni sheria ya mikataba, ambamo pande husika hujadiliana kwa muda, kisha makubaliano hufungwa kwa saini au kwa tendo jingine linalokubalika, na tangu hapo huwa na nguvu kwa wote.

Kanzidata, yaani mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa katika majedwali ili zitafutwe, ziongezwe na zibadilishwe kwa haraka, huhitaji programu ya kuisimamia, na programu iitwayo MySQL imegawanyika katika sehemu mbili zinazofanana na ofisi ya serikali yenye dirisha la mapokezi na masjala. Dirishani hukaa sehemu inayopokea maombi yaliyoandikwa kwa lugha ya SQL, ikayaelewa, ikakagua kama mwombaji ana ruhusa, kisha ikaamua njia nafuu ya kuyatekeleza. Masjalani hukaa injini ya kuhifadhi data, ambayo ndiyo inayojua kila jalada liko rafu ipi, nani analisoma kwa sasa na nani hana budi kusubiri. Jambo lililoitofautisha MySQL, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson chini ya kampuni ya Kiswidi ya MySQL AB, ni kwamba masjala iliweza kubadilishwa bila kumgusa karani wa dirishani, hata majedwali mawili ya kanzidata moja yakaweza kutunzwa na injini mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Kwa miaka mingi injini ambayo mtumiaji alipewa asipotaja nyingine, yaani chaguo-msingi, ilikuwa MyISAM. Ilikuwa nyepesi, ilisoma haraka, ilichukua nafasi ndogo kwenye diski, na idadi ya mistari ya kila jedwali iliijua kwa kichwa, kiasi kwamba swali la kutaka hesabu ya wote lilijibiwa papo hapo bila kuhesabu chochote. Lakini haikujua muamala ni kitu gani. Mtu mmoja alipobadilisha mstari mmoja, jedwali zima lilifungwa mpaka amalize, na umeme ulipokatika katikati ya uandishi, jedwali liliweza kubaki limeharibika, msimamizi akalazimika kuendesha amri ya kulikarabati, ambayo kwa jedwali kubwa ilichukua saa nyingi bila hakika kwamba kila mstari ungepatikana tena.

Pengine kosa kubwa zaidi la injini hiyo halikuwa udhaifu wenyewe bali adabu yake ya kuitikia kila jambo. Mwandishi wa programu aliyetangaza sharti kwamba malipo yasiandikwe kwa mteja asiyekuwepo kwenye jedwali la wateja, alikubaliwa tangazo lake bila kipingamizi, kisha sharti likapuuzwa kimya kimya. Na aliyeomba mabadiliko yake yote yatenguliwe, alipewa onyo tu kwamba baadhi yake hayakuweza kutenguliwa, onyo ambalo programu nyingi hazikuwa na mazoea ya kulisoma.

InnoDB ilitokea Helsinki, Finland, mikononi mwa Heikki Tuuri na kampuni yake ndogo ya Innobase, na mwaka 2001 ikaunganishwa na MySQL katika mfululizo wa matoleo ya 3.23. Mawazo iliyojengewa yalikuwa yamekwisha kukomaa: Gray na wenzake walikuwa wameeleza muamala unavyopaswa kulindwa, na mwaka 1983 Wajerumani Theo Härder na Andreas Reuter walikuwa wameyafupisha masharti yake kwa herufi nne, ACID, ambazo zikisomwa pamoja kwa Kiingereza humaanisha asidi. Sharti la kwanza ni kwamba muamala hufanyika wote au haufanyiki kabisa. La pili, kwamba hauiachi kanzidata ikiwa imevunja kanuni zake yenyewe. La tatu, kwamba miamala inayokwenda sambamba haichunguliani kazi ambayo haijaisha. La nne, kwamba ukishathibitishwa hudumu, hata mashine ikizima sekunde hiyo hiyo. Kuyaandika masharti hayo ni kazi ya aya moja, na kuyatimiza kwenye diski ambayo inaweza kukatiwa umeme wakati wowote ndiko kulikochukua miaka.

Namna InnoDB inavyoyatimiza huonekana vizuri katika muamala mmoja mdogo, wa shilingi 20,000 zinazotolewa katika akaunti ya mama yenye salio la 50,000 na kuingizwa katika akaunti ya mwanawe. InnoDB huhifadhi data katika kurasa ambazo kwa kawaida zina ukubwa wa kilobaiti 16, zilizopangwa kama mti kwa kufuata ufunguo mkuu, yaani alama isiyojirudia inayoutambulisha kila mstari, kama namba ya akaunti. Ukurasa wenye mstari wa mama huletwa kutoka diski hadi kwenye memori, salio la zamani hunakiliwa katika daftari la kutengua, salio jipya la 30,000 huandikwa katika ukurasa uliomo memorini, na maelezo mafupi ya badiliko hilo huongezwa mwishoni mwa daftari jingine, la kurudia. Mstari wa mwana hufanyiwa vivyo hivyo. Programu inapotoa amri ya kuthibitisha, InnoDB huhakikisha kwamba daftari la kurudia limefika kwenye diski yenyewe, si kwenye memori ya mfumo endeshi wala kwenye foleni yoyote iliyo njiani, ndipo hujibu kwamba kazi imekwisha.

Linaloshangaza wengi ni kwamba wakati jibu hilo linatolewa, kurasa zenyewe huenda bado hazijaandikwa diskini, hivi kwamba mtu ambaye angeweza kulisoma jedwali moja kwa moja kwenye diski angekuta mama angali na shilingi 50,000. Hilo si uzembe. Kurasa zimetawanyika huku na huko, na kuzifuata moja moja kila muamala unapothibitishwa kungeichosha diski, ilhali daftari la kurudia huandikwa kwa mfululizo, kama mwenye duka anayejaza kurasa za daftari lake kwa zamu bila kurudi nyuma, na baadaye, wakati wa utulivu, akahamishia hesabu katika leja. Umeme ukikatika kabla ya kuhamisha, InnoDB ikiwashwa tena husoma daftari la kurudia na kuyafanya upya mabadiliko yote yaliyoandikwa humo, kisha huangalia ni miamala ipi haikuwahi kuthibitishwa, na hiyo huitengua kwa kutumia nakala za zamani. Mama aliyekatwa shilingi 20,000 kabla mwanawe hajaingiziwa hurudishiwa salio lake, na muamala ule huwa kama usiowahi kuanzishwa.

Kuna tundu moja ambalo daftari la kurudia peke yake haliwezi kuliziba. Diski haiandiki kilobaiti 16 kwa pigo moja lisilogawanyika, bali kwa vipande vidogo zaidi, na ukurasa unaoandikwa wakati umeme unakatika unaweza kubaki nusu mpya na nusu ya zamani, hali ambayo maelezo mafupi ya daftari hayawezi kuitengeneza kwa sababu yanadhani ukurasa uliopo ni mzima. Kwa hiyo InnoDB huandika kila ukurasa mara mbili, kwanza katika eneo la akiba, kisha mahali pake pa kudumu, ili nakala moja ikiraruka nyingine iwepo. Wapo waliolalamikia gharama hiyo, na wapo walioizima kwa kutafuta kasi. Wa kundi la pili walikuwa wakicheza kamari ambayo hushindwa mara moja tu.

Sharti la kutochunguliana nalo lina ufundi wake. Kila mstari wa InnoDB hubeba baiti 6 zisizoonekana na mtumiaji zinazotaja muamala uliobadilisha mstari huo mara ya mwisho, na baiti nyingine 7 zinazoelekeza kwenye nakala ya zamani iliyo katika daftari la kutengua. Mhasibu anayejumlisha salio za akaunti zote wakati mama na mwanawe wanahamishiana fedha hahitaji kuwasubiri, wala wao hawamsubiri yeye, kwa sababu kila anapokuta mstari uliobadilishwa baada ya yeye kuanza kusoma, injini humpa nakala ya zamani, na jumla yake hutoka kama ilivyokuwa tangu alipoanza. Ni wanaotaka kubadilisha mstari ule ule tu ambao hupangwa foleni, na miamala miwili ikishikana, kila mmoja ukisubiri kufuli lililo mkononi mwa mwenzake, injini huugundua mkwamo huo na kuutengua mmoja wapo ili mwingine upite. Gharama ya utaratibu huu ni kwamba InnoDB haiwezi kukumbuka idadi ya mistari kwa kichwa kama MyISAM, kwani idadi yenyewe hutegemea anayeuliza aliingia lini, kwa hiyo hulazimika kuhesabu.

Kasi ya haya yote ilibanwa na diski. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na kama kila uthibitisho utasubiri mzunguko wake, basi miamala 120 hivi kwa sekunde ndiyo mwisho, hata kama seva ina kichakata chenye nguvu kiasi gani. Dawa mojawapo ni kuithibitisha miamala kwa makundi, kama daladala isiyoondoka na abiria mmoja. Nyingine ni kumruhusu msimamizi abadilishe mpangilio ili daftari lipelekwe diskini mara moja hivi kwa sekunde badala ya kila uthibitisho, kwa sharti kwamba akubali kupoteza miamala ya takriban sekunde moja ajali ikitokea. Mpangilio wa kawaida wa InnoDB ni ule mkali, wa kusubiri diski kila mara.

Injini hii nusura iwe mateka wa biashara. Mwezi Oktoba 2005 kampuni ya Marekani ya Oracle, ambayo kanzidata yake ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kwa wateja wakubwa ambao MySQL ilianza kuwanyemelea, iliinunua Innobase, na Februari 2006 ikainunua pia Sleepycat, watengenezaji wa Berkeley DB, injini nyingine iliyoipa MySQL uwezo wa miamala. MySQL AB ikajikuta inauza ofisi ambayo masjala yake ni ya mpinzani. Ilianza kujenga injini mbadala iliyoitwa Falcon, chini ya mbunifu mkongwe Jim Starkey, lakini Falcon haikuwahi kufikia toleo la kutumika kwa kazi halisi. Mwaka 2008 MySQL AB ilinunuliwa na Sun Microsystems kwa takriban dola bilioni 1, na mwaka uliofuata Oracle ikatangaza nia ya kuinunua Sun nzima. Tume ya Ulaya ilifanya uchunguzi kwa sababu ya MySQL hasa, ikaridhia Januari 2010, na mwezi huo huo ununuzi ukakamilika. Widenius alikuwa ameipinga hatua hiyo hadharani, na tayari alikuwa ameanzisha tawi huru la MariaDB, lililopewa jina la bintiye mdogo kama MySQL ilivyopewa jina la bintiye mkubwa, My. Hofu yake ilikuwa na msingi, lakini kwa upande wa InnoDB matokeo yalikwenda kinyume: kwa mara ya kwanza wahandisi wa dirishani na wa masjalani walikuwa na mwajiri mmoja.

Tunda la kwanza kubwa la hali hiyo lilikuwa MySQL 5.5, iliyotangazwa tayari kwa matumizi Desemba 2010 ikiwa na InnoDB toleo la 1.1. Sehemu kubwa ya toleo hilo ilikuwa kazi ya kupunguza misongamano. Akiba ya memori inayohifadhi kurasa, ambayo hapo awali ililindwa na kufuli moja lililogombewa na wote, sasa iliweza kugawanywa katika vyumba kadhaa, kila kimoja na kufuli lake. Daftari la kutengua, lililokuwa na sehemu moja yenye nafasi za miamala 1,023 ya kubadilisha data kwa wakati mmoja, likapewa sehemu 128, na kikomo kikapanda hadi karibu 130,000. Kazi ya kufagia nakala za zamani zisizohitajika tena iliweza kupewa mfanyakazi wake wa pembeni, na kwenye Linux injini ikaanza kutumia utaratibu wa mfumo endeshi wenyewe wa kuagiza kusoma na kuandika bila kusimama kusubiri.

Badiliko jingine, lisilovutia kwenye matangazo, lilihusu kuamka baada ya kuzima ghafla. Hapo awali, InnoDB ilipokuwa ikisoma daftari la kurudia, ilipanga kurasa zilizoguswa katika orodha moja ndefu na kuitafuta nafasi ya kila ukurasa kwa kuipitia orodha hiyo, kiasi kwamba seva yenye memori kubwa na daftari kubwa iliweza kuchukua saa nyingi kabla ya kufungua milango. Wasimamizi wengi walikwepa adha hiyo kwa kuweka daftari dogo, na daftari dogo nalo likailazimisha injini kukimbizana kuandika kurasa mchana kutwa. Wahandisi waliweka muundo wa mti pembeni ya orodha ili nafasi ipatikane kwa hatua chache, na kwa marekebisho hayo machache ya msimbo, kuamka kulikochukua saa kukaanza kuchukua dakika.

Hata hivyo lililobadilisha zaidi maisha ya watumiaji halikuhitaji ufundi wowote. Katika MySQL 5.5, jedwali lililoundwa bila kutajiwa injini lilipewa InnoDB badala ya MyISAM. Uzito wa jambo hilo huonekana mtu akikumbuka ni nani hasa hutaja injini: ni wachache waliosoma mwongozo. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyoenea duniani, huunda majedwali yake bila kutaja injini yoyote na kuiachia seva iamue, na hivyo ndivyo zilivyofanya programu nyingine nyingi za shule, maduka na ofisi ndogo, ambazo wamiliki wake hawakuwahi kusikia jina la InnoDB wala la MyISAM. Kwa watu hao, waliokuwa wengi kuliko wataalamu, ulinzi wa muamala ulikuwepo tangu 2001 lakini uliwekwa mahali ambapo wasingeufikia. Ni vigumu kuieleza miaka tisa ya kusubiri kwa sababu za kiufundi peke yake. Mazoea, hofu ya kuvunja programu za zamani, na ule umiliki wa mpinzani, vyote vilichangia.

Badiliko hilo halikuwa na nguvu ya kurudi nyuma. Majedwali ya MyISAM yaliyokuwepo yalibaki yalivyo hata baada ya seva kuhamia 5.5, mpaka msimamizi ayabadilishe moja moja kwa amri, na waliohitaji kutafuta maneno ndani ya matini ndefu hawakuwa na haraka ya kufanya hivyo, kwa sababu InnoDB ilipata faharasa ya aina hiyo katika toleo la 5.6 tu, Februari 2013. Wengine walistaajabu kuona mafaili yamevimba, kwani InnoDB hutumia nafasi kubwa zaidi ya diski kwa data ile ile.

Kulikuwa pia na kinaya ambacho wahandisi wenyewe walikifahamu vyema. Majedwali ambamo MySQL iliandika habari zake yenyewe, yakiwemo yale ya watumiaji na ruhusa zao, yaliendelea kutunzwa na MyISAM kwa zaidi ya miaka saba baada ya InnoDB kupendekezwa kwa wengine wote, mganga hajigangi. Amri moja ya kufuta majedwali kadhaa iliyokatizwa katikati iliweza kuacha baadhi yamefutwa na mengine yangalipo, jambo ambalo lisingevumiliwa katika akaunti ya mteja. Aprili 2018, toleo la 8.0 lilihamishia habari hizo zote ndani ya InnoDB, na amri za kuunda, kubadilisha na kufuta majedwali ya InnoDB nazo zikawa za kufanyika zote au kutofanyika kabisa. Tangu hapo seva ya MySQL huweza kuendeshwa bila jedwali hata moja la MyISAM, ingawa injini hiyo haikuondolewa, na anayeitaka bado hupewa, mradi aiombe kwa jina.